Je, Wajua? Samaki Mmoja, Meza Mbili

Je, wajua kwamba hoteli ya chakula iliyo kongwe kuliko zote duniani, kwa hesabu ya kitabu cha rekodi cha Guinness, iko Madrid, mji mkuu wa Uhispania? Inaitwa Sobrino de Botín. Ilifunguliwa mwaka 1725 katika mtaa wa Cuchilleros, jirani na uwanja wa Plaza Mayor, na mpaka leo inapika. Tanuri lake la kuni la karne ya 18 bado liko palepale. Humo huokwa mtoto wa nguruwe wa wiki tatu hivi, mzima, mpaka ngozi inakuwa kavu ya kuvunjika kwa kidole.

Na je, wajua kwamba kwa ukongwe wa kula, Madrid haifui dafu mbele ya Homa Bay, Kenya? Kwenye rasi ya Homa, kando ya Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria, pana mahali panapoitwa Nyayanga. Februari 2023 jarida la Science lilichapisha matokeo ya uchimbaji uliofanywa hapo kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa ya Kenya: zana za mawe 330 na mifupa ya wanyama 1,776, ya tangu kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 iliyopita. Baadhi ya mifupa hiyo ni ya viboko, na ina alama za kukatwa kwa mawe yaliyochongwa makali. Wakati huo hakuna aliyekuwa anatawala moto, kwa hiyo nyama ililiwa mbichi, na watafiti wanadhani ilipondwapondwa kwanza ili itafunike. Mahali hapohapo yalipatikana magego mawili ya Paranthropus, kiumbe mwenye taya kubwa asiye babu yetu wa moja kwa moja. Mteja wa kwanza wa Homa Bay basi huenda hakuwa hata binadamu wa ukoo wetu. Mwaka 2025 watafiti wakaongeza jingine: baadhi ya mawe ya kukatia yalibebwa kutoka umbali wa hadi kilomita 13. Visu vya kuagiza, tangu zama hizo!

Je, wajua kwamba Migori nayo ina kuta zinazoizidi Botín umri? Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, ni maboma ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, yanayokisiwa kujengwa karne ya 16. UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Malango yake ni mafupi, na anayeingia sharti ainame.

Je, wajua kwamba katika karne ya 18 nyumba za wageni za Madrid hazikuruhusiwa kuuza nyama wala divai? Biashara hiyo ilikuwa mikononi mwa vyama vya wafanyabiashara wengine. Mgeni alifika na nyama yake mkononi, na mwenye nyumba kazi yake ilikuwa kuipika tu. Sasa nenda Sori, Karungu, Muhuru Bay au Mbita asubuhi mashua zikirudi. Utanunua samaki wako pale mwaloni, akiwa bado analowesha karatasi, kisha utavuka hatua chache hadi kwa mama mwenye karai la mafuta, naye atakutajia ada ya kukaanga na bei ya ugali. Wahispania waliacha mtindo huo zamani. Huku ungali hai, na binafsi sioni mfumo bora zaidi wa kuhakikisha samaki si wa juzi.

Je, wajua kwamba mwandishi Ernest Hemingway aliwapeleka wahusika wake wakuu Botín kula mtoto wa nguruwe, katika sura ya mwisho ya riwaya yake ya The Sun Also Rises, iliyotoka mwaka 1926? Sifa ya hoteli hiyo kwa wasomaji wa Kiingereza imeegemea sana kurasa hizo chache. Lakini wengi wanaopiga picha mlangoni hawajui kwamba mwandishi huyohuyo aliponea chupuchupu katika ukanda huu wetu wa maziwa. Januari 23, 1954, ndege ndogo aliyopanda na mkewe Mary ilianguka karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda. Kesho yake walipanda nyingine Butiaba, ufukweni mwa Ziwa Albert, nayo ikawaka moto ikiwa inaruka. Magazeti ya dunia yalikuwa yameshachapisha tanzia. Miezi tisa baadaye marehemu huyo akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Ziwa Albert hilohilo ndilo lililotoa mbuta. Je, wajua kwamba mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, si mwenyeji wa Ziwa Victoria? Aliletwa miaka ya 1950, na mwaka unaotajwa mara nyingi ni huohuo wa 1954. Mtu mwenye chumvi angesema Hemingway na mbuta walipishana njiani. Mbuta anaweza kufika karibu mita mbili na kilo 200, ingawa mashua ya leo ikirudi na wa kilo 40 watu husogea kutazama.

Je, wajua kwamba onyo lilitolewa mapema? Mwingereza Michael Graham alilichunguza ziwa zima mwaka 1927 na 1928, na katika ripoti yake ya 1929 akaonya juu ya kuleta samaki mkubwa mla wenzake. Ripoti ikasomwa, ikawekwa kabatini. Miaka ya 1980 mbuta alilipuka kwa wingi, na mamia ya aina za fulu, samaki wadogo wa rangi rangi ambao hawapatikani kwingine duniani, wakapungua au kutoweka kabisa. Wazee wa visiwa vya Rusinga na Mfangano bado wanazitaja ladha ambazo vijana hawatazionja.

Je, wajua kwamba mbuta huyo ndiye aliyeikalisha Uhispania na Homa Bay meza moja? Viwanda vya kandokando ya ziwa vilipoanza kusafirisha minofu Ulaya, Uhispania ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Huko huitwa perca del Nilo. Aliingia katika majiko ya shule, hospitali na hoteli za bei ya chini, na wauzaji wasio waaminifu walikamatwa wakimuuza kwa jina la mero, samaki wa bahari ambaye bei yake iko juu sana. Kwa hiyo kuna Mhispania aliyelipia mero wa Atlantiki akala samaki wa maji baridi aliyevuliwa Nyatike, akasifu upishi, akaenda zake.

Na mifupa? Hapa ndipo hadithi inaponoga. Kiwanda huchukua minofu, kikabakisha kichwa, uti wa mgongo na mkia, na nyama kidogo iliyoshikamana na mbavu. Mabaki hayo yakapata jina sokoni, mgongo wazi, na yakapata wateja. Akina mama huyanunua kwa ndoo, wakayakaanga katika mafuta yanayochemka mpaka mbavu zinakuwa kavu za kutafunwa, wakayauza kwa wafanyakazi wa mjengo, makanga na wanafunzi. Ziwa ni letu, minofu yao, mgongo wetu. Wengi wameandika juu ya jambo hilo kwa uchungu, na wana haki. Ila mimi nina neno la pembeni la kusema: nyama iliyo karibu na mfupa, na hasa ile ya shavuni na nyuma ya kichwa, ina mafuta na utamu ambao mnofu mweupe usio na mwiba hauna. Upishi wa Madrid wenyewe unajua hivyo, maana mle pia vichwa na miguu ya wanyama hupikwa kwa heshima.

Je, wajua kwamba uhusiano huo wa ziwa na Uhispania uliwahi kuvunjika? Mwishoni mwa miaka ya 1990, Uhispania na Italia zilizuia samaki wa ziwa kwa hofu ya bakteria wa salmonela. Kisha kipindupindu kilipozuka Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya wote ukafunga mlango kwa samaki wabichi hadi katikati ya 1998, na mwaka 1999 ukafunga tena kwa sababu ya sumu iliyotumiwa kuvulia. Kila mlango ulipofungwa Ulaya, minofu ilishuka bei Kisumu na Homa Bay, na kwa muda mfupi walala hoi wakala mnofu. Mwenye mashua alilia, mwenye sufuria akacheka.

Je, wajua kwamba sehemu ya mbuta yenye bei ya juu kuliko zote haiingii mdomoni mwa mtu yeyote wa Migori? Ni bondo, kile kifuko cha hewa kinachomsaidia samaki kuelea. Hukaushwa na kusafirishwa China na Hong Kong kwa ajili ya supu za sherehe. Kilo moja ya mabondo makavu huuzwa kwa bei iliyo mara kadhaa ya kilo ya mnofu, na ndiyo maana siku hizi mtu akipasua mbuta mkubwa utaona macho ya watu hayako kwenye nyama.

Je, wajua Migingo? Kisiwa hicho kinachohesabiwa na Kenya kuwa cha Nyatike, Kaunti ya Migori, hakifiki hata nusu ekari, nacho kimejaa mabati mwanzo hadi mwisho, pamoja na vibanda vya chakula na baa. Kenya na Uganda zilikigombania hadharani kuanzia miaka ya 2000, kwa sababu maji yanayokizunguka yana mbuta wengi. Mita kama 200 pembeni kuna Usingo, kisiwa kikubwa zaidi, kitupu karibu kabisa. Tena kumbuka kwamba Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria.

Je, wajua kwamba mbuta mwenye ruhusa ya kufika sahanini ana vipimo? Nchi tatu za ziwa zilikubaliana avuliwe akiwa kati ya sentimita 50 na 85: akiwa mdogo zaidi hajazaa, akiwa mkubwa zaidi ndiye mzazi bora. Sheria ni nzuri. Sahani za vibandani zina maoni yake.

Ngege. Watanzania husema sato. Je, wajua kwamba ngege unayeletewa leo, kichwa kikichungulia upande mmoja wa sahani na mkia upande wa pili, kwa kawaida si ngege wa asili? Ngege wa zamani wa ziwa, anayejulikana kwa wanasayansi kama Oreochromis esculentus, alianza kupungua baada ya nyavu za makila kuingia Ghuba ya Winam mwaka 1905. Aliyechukua nafasi yake ni ndugu yake kutoka Mto Nile, ambaye Wajaluo humtofautisha kwa kumwita nyamami, na aliyeletwa miaka ya 1950 vilevile. Siku hizi hata huyo wengi wao hawavuliwi, wanafugwa: vizimba vinaelea Mbita na Roo, na lori za barafu hupakia usiku kuelekea Nairobi. Walaji wa zamani hudai wanamtambua wa kizimbani kwa mafuta ya tumboni. Wengine wanajifanya tu.

Je, wajua kwamba omena, wale dagaa wa ziwa, hufuata kalenda mbili? Ya kwanza ni ya mwezi. Huvuliwa usiku kwa taa, za mafuta zamani na za jua sasa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, wavuvi hulala nyumbani. Ya pili ni ya serikali: kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya ili wazaliane. Ukikuta omena wabichi hotelini mwezi wa Juni, uliza wametoka wapi kabla ya kuuliza bei. Na kuhusu kupika, siri iko mwanzoni: huoshwa kwa maji ya moto mara mbili tatu mchanga utoke, hukaushwa kwenye sufuria bila mafuta mpaka harufu ibadilike, ndipo vitunguu na nyanya viingie. Wapo wanaomalizia kwa maziwa. Anayeruka hatua ya kukausha huwa anawalaumu omena kwa uchungu ambao si wao.

Je, wajua kwamba kuna bei isiyoandikwa ubaoni? Katika fuo nyingi za ziwa, mwanamke mchuuzi hakupata samaki kwa pesa peke yake. Mvuvi alidai na mwili. Mtindo huo huitwa jaboya, na umechangia kuifanya Homa Bay kuwa miongoni mwa kaunti zilizoumizwa zaidi na virusi vya Ukimwi nchini. Vipo vikundi vya wanawake kandokando ya ghuba vilivyojipatia mashua zao ili kumkata jaboya mkono.

Je, wajua kwamba ugali mweupe wa mahindi ni mgeni wa karibuni katika meza hii? Kabla ya karne ya 20 kuon ya Wajaluo ilikuwa ya mtama au wimbi, na Wakuria wa Kehancha na Isebania wanauheshimu ugali wa wimbi hadi leo. Hoteli nzuri ya Migori mjini itakuuliza, wa brauni au mweupe? Wa brauni ni mtama uliochanganywa na mihogo, mzito, unaovutika kidogo, na ndio unaobeba mchuzi wa samaki bila kusambaratika. Ukiagiza mweupe hakuna atakayekulaumu, lakini umepoteza safari.

Mboga nazo zina subira yake. Akeyo, ambayo pwani ni mgagani, na osuga, yaani mnavu, zina uchungu wa asili. Mpishi wa haraka huchemsha na kumwaga maji, akamwaga na utamu. Mpishi wa kweli huziweka katika chungu na maziwa, akazilaza, akazipasha kesho yake, akaongeza maziwa tena. Siku ya pili au ya tatu uchungu umegeuka kuwa kitu kingine kabisa. Je, wajua kwamba hoteli nyingi za mijini haziwezi kukupa mboga hiyo kwa sababu hazina subira ya siku tatu? Vivyo hivyo na aliya, nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande virefu na kuanikwa juani kabla ya kupikwa. Viazi vitamu vya Kabondo havihitaji maelezo yoyote, vichemshe tu.

Je, wajua kwamba karibu na Kendu Bay kuna ziwa lililozaliwa, kwa mujibu wa masimulizi, kutokana na mgeni kunyimwa chakula? Linaitwa Simbi Nyaima. Husimuliwa kwamba bikizee mmoja, mchafu na mwenye njaa, aliingia kijijini usiku watu wakiwa katika karamu. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu akamkaribisha na kumlisha, naye akaambiwa aihamishe familia yake upesi. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama. Wanajiolojia wanasema ni ziwa la kreta, maji yake ya magadi, na heroe hutua humo. Wahudumu wa hoteli za Kendu Bay, kwa uzoefu wangu, huwahi kuleta maji ya kunawa, na sidhani ni kwa sababu ya jiolojia.

Je, wajua kwamba babu wa rais wa zamani wa Marekani alikuwa mpishi kutoka huko huko? Hussein Onyango Obama, mzaliwa wa upande wa Kendu Bay, aliwapikia Waingereza majumbani Nairobi na akahudumu kama mpishi jeshini kabla ya kutulia Alego, Siaya. Mjukuu wake Barack anasimulia habari zake katika kitabu chake cha 1995.

Je, wajua kwamba meza ya ziwani ilihamia Nairobi na ikawa maarufu huko? K'Osewe, katikati ya jiji, ni mahali ambapo mawaziri na makarani hukaa bega kwa bega wakichambua miiba. Na Septemba 1, 2016, Mark Zuckerberg, mwasisi wa Facebook, alikula ugali na ngege mzima katika hoteli ya Mama Oliech, iliyoanzishwa na mama yake mshambuliaji wa zamani wa soka Dennis Oliech. Mwenyewe aliandika kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza. Mahali pale pakajaa kwa miezi.

Na je, wajua kwamba Segovia, mji ulio kaskazini-magharibi mwa Madrid, mtoto wa nguruwe hukatwa mbele ya wageni kwa ukingo wa sahani, si kwa kisu, ili kuonyesha alivyo laini, kisha sahani hiyo hurushwa chini ikavunjika? Jaribu hilo Mbita ulipishwe. Onyesho la huku ni jingine, nalo hufanyika kabla ya mlo: weita huleta sinia la samaki wabichi mezani, wadogo, wa kati na wakubwa, nawe unamgusa shavu umtakaye, unatazama jicho kama bado linang'aa, unafunua shavu kuona wekundu, unauliza bei, unapunguziwa kidogo, unasema akaangwe mkavu au atiwe mchuzi. Yote hayo yafanye samaki akiwa mbichi. Akishaingia karai, bei haijadiliwi tena.